Barabara ya Kisogwe, Masika ya 1953

Machi 2

Leo nimekabidhiwa filimbi. Mimi Lukasi, mkwe wa watu, niliyekatazwa kupanda hata mchungwa mmoja kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu kwa sababu mti unaodumu ni wa mwenye ardhi, ndimi mnyapara wa barabara inayopita katikati ya ardhi hiyohiyo. Nimeipuliza uani mpaka kuku wakakimbilia mvunguni. Felista akasema, "Basi, tumesikia, umekuwa mkubwa."

Daftari hili nimepewa niandike kazi za kila siku. Kazi nitaziandika kwenye kipande kingine cha karatasi. Humu nitaandika yangu.

Barabara itatoka Mlali, ipande hadi hapa Kisogwe. Watu wameongezeka, mashamba yamepanda mpaka karibu na mawingu, na kabichi zinaoza kwa kukosa vichwa vya kuzibeba. Ahmadi mwenye lori, wa mjini, ameshaomba kiwanja cha duka mahali gari litakapogeuzia. Haya, wao wanaitaka kwa ajili ya kabichi. Mimi nina sababu yangu. Mwaka juzi, masika kama haya, mwanetu Yakobo alishikwa na homa. Tulimteremsha kwa machela, matope hadi magotini, akakata roho kabla hatujaliona bati la duka la kwanza la Mlali. Tukageuka, tukapanda naye tena. Amelazwa kwenye msitu wa makaburi ya ukoo, juu ya nyumba yetu, upande wa watoto. Kikombe chake cha bati la buluu kimefunikwa juu ya kaburi, kama ilivyo desturi ya hapa.

Felista ana mimba ya miezi saba. Huyu atashuka kwa gari.

Machi 4

Mvua kutwa.

Machi 5

Bwana Mpima amemaliza kupigilia vigingi. Ni Mzungu mwembamba anayekohoa kila akiinama. Ameipitisha njia juu, kwenye ukingo wa msitu wa makaburi, kwa sababu huko kuna mwamba chini ya udongo. Alikanyaga kwa kisigino kunionyesha. Mwamba huo naujua. Udongo wake ni mfupi, shimo haliendi chini, ndiyo maana wanalazwa watoto tu.

Kesho anarudi mjini, nami nimebaki na vigingi vyake. Felista sijamwambia. Nimekaa naye jikoni jioni nzima nikimsifu mchuzi hadi akanishuku.

Machi 6

Ukungu. Nilipanda kukagua, hata mkono wangu siuoni. Kwenye kinjia cha msituni nikasikia miguu, halafu nikaona upindo wa kaniki ya mama mkwe wangu, Mama Theresia. Nikafanya inavyopasa: nikatoka njiani, nikaugeukia mgomba, nikashusha macho. Naye akageukia upande wake. Tunaishi ua mmoja tangu niliposa, na sijawahi kumtazama usoni, wala yeye hajanitamkia neno ila kwa kinywa cha Felista. Nilimsikia anahema kama mtu aliyeelemewa. Chini ya kaniki palitokeza kitu mfano wa kuni. Mzigo wa mama mkwe haukaguliwi. Akapita, ukungu ukamfunika.

Machi 7

Ajabu nzuri. Ukungu umeondoka na vigingi haviko juu. Viko chini ya msitu, vimeufuata mguu wa mlima, juu kidogo ya chemchemi. Mpima lazima alibadili mawazo kabla hajaondoka, na lori limeziba njia ya Mlali kwa kukwama, hakuna wa kuulizwa. Nami sikutafuta wa kumuuliza. Kaburi la mwanangu limepona, Felista hatalia, na udongo wa huku chini ni laini, sururu inazama yenyewe. Nimepuliza filimbi kwa furaha.

Machi 16

Tunakwenda vizuri. Tumeukata mguu wa mlima, ukuta wa udongo mwekundu umesimama juu ya vichwa vyetu. Kwa mwendo huu Mei lori litafika mlangoni kwangu.

Rehani yuko katika kundi langu. Ukoo wake ni watani wa ukoo wangu, kwa hiyo kinywa chake hakina mlango. Ndiye aliyemzika Yakobo, kwa kuwa kuzika ni kazi ya watani. Leo ameegemea koleo akaniambia mbele ya watu, "Mnyapara, unakata miguu ya mlima, unataka ukae kitako? Mimi nimeshanoa jembe la kukuzikia, ila nasikitikia jembe."

Nikamwambia jembe lake halijawahi kuchimba hata choo cha baba yake. Watu wakacheka hadi wakakaa.

Juu ya msitu kuna matuta ya ngazi tuliyochimbishwa mwaka jana kwa amri ya Bwana Shamba, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nimepanda kuyaona. Yamejaa maji, kila ngazi imekaa kama sahani ya mchuzi. Maji hayashuki wala hayapungui.

Machi 22

Mlango wa nyumba haufungi. Mbao zimevimba kwa unyevu. Nimeuchonga kwa tezo.

Machi 29, Jumapili ya Matawi

Wakati wa maandamano, adhuhuri, tumebeba matawi na wimbo umefika katikati, tulisikia mtu anatwanga. Pole pole, mtwango mmoja, kimya, mtwango mwingine. Wanawake wakatazamana. Nani anatwanga siku kama hii, watu wote wako hapa? Wimbo ukalegea. Mama mmoja akaweka mkono chini kama anayepima joto la mgonjwa, akauondoa haraka.

Felista ananiambia sauti hiyo wao huisikia kisimani tangu wiki iliyopita. Nikamwambia ni maji. Akaniuliza maji yanatwanga nini.

Aprili 1

Nimefunga kamba asubuhi kutoka kigingi hadi kigingi, imenyooka kama mstari wa daftari. Alasiri imelegea, na kigingi cha tatu kimetoka nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Kuna mtu anacheza na vigingi vyangu.

Aprili 2

Tena.

Aprili 5, Pasaka

Nyama, pombe kidogo, hakuna aliyetaja barabara. Mlango umegoma tena, safari hii kwa upande wa juu. Nimeuchonga, na chini kizingiti kimezama, kuna mwanya ambamo bata anapita.

Aprili 8

Nimemfukuza Rehani. Nilimkuta amepiga magoti karibu na kigingi, sikio lake liko chini. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nawasikiliza wakubwa zako wanavyofungasha."

Nikasema huu sio wakati wa utani, yeye ndiye anayehamisha vigingi ili anifedheheshe kwa Mpima. Akainuka, akajipangusa udongo. Hakucheka.

"Lukasi, sikugusa kigingi. Ardhi yenyewe inatembea. Niambie sasa nasema utani au nasema kweli?"

Nikamwambia anipe koleo. Alinipa. Wengine waliinamia kazi wakajifanya wanacheka, maana mtani akisema huchekwa, na kweli mimi nilidhani ananikejeli. Naandika hili kwa hasira. Nina mke wa kumwahisha hospitali, sina nafasi ya michezo.

Aprili 12

Maji ya chemchemi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Aprili 14

Chemchemi imekauka. Masika katikati, mvua inamwagika, na chemchemi imekauka! Adhuhuri Mjomba Severini, mkuu wa ukoo wa Felista, akaja kuniita. Katikati ya shamba lake la maharage maji yanabubujika mahali ambapo hapakuwa na maji tangu babu zake. Alisimama na kofia mkononi kama aliyeingia kanisani. Akasema, "Mkwe, hii ni kazi ya barabara yako au ya matuta ya Bwana Shamba?" Nikasema ni kazi ya Mungu. Akarudisha kofia kichwani. Yeye ndiye aliyesimama barazani akaomba barabara kuliko wote, na leo anaiita yangu.

Aprili 19

Pimbi wamenyamaza. Kila mtu wa hapa hulala kwa kelele za pimbi wa msitu wa makaburi, na sasa hazipo. Ndege pia. Nilisimama mchana chini ya miti ile, nikasikia jani likianguka. Miti yote imeinama kidogo kuelekea kwetu, kama watu walioitwa jina na hawajui aliyewaita. Nilijiambia ilikuwa imeinama siku zote. Nilirudi nyumbani bila kugeuka nyuma, na ninamshukuru Mungu hakuna aliyeniona mwendo niliotembea.

Aprili 25

Felista ameondoka. Si kwa ugomvi, ingawa tuligombana. Alinieleza kuwa mama yake ameona ufa juu ya msitu, wa kuingia kidole, na siku ya pili wa kuingia mkono. Nikauliza kwa nini mama yake anashinda huko juu kila siku. Akainamia kukunja nguo. Nikasema ufa ni udongo unaopumua, lori linakuja baada ya siku chache, atashuka amekaa kitini kama bibi wa serikali.

"Lukasi," akasema, "unamjengea barabara mtoto ambaye hajazaliwa, na mimi hunioni hapa nilipo. Nimeogopa. Nyumba inanong'ona."

Amekwenda ng'ambo ya kijito kwa shangazi yake Anastasia. Alijitwika godoro mwenyewe na tumbo lile, hadi vijana wangu wakaona aibu, wakaacha sururu na kumpokea. Mama Theresia amekataa kwenda. Anatoka alfajiri kuelekea msituni, anarudi jua likizama. Ninausikia mlango wake, nageuza uso.

Aprili 27

Nyumba inanong'ona kweli. Ni udongo unaodondoka ukutani, punje kwa punje, nyuma ya kitanda.

Aprili 29

Mvua.

Mei 1

Imebaki kona moja, chini kabisa ya msitu. Lori la Ahmadi linasubiri Mlali likiwa limeoshwa. Vijana hawaimbi tena wakichimba. Kamba sifungi, kwa kuwa sitaki kuiona jioni.

Mei 4

Naandika nyumbani kwa Anastasia. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi mvua ilikatika. Ukungu ulikaa, na ukimya ambao sijawahi kuusikia. Hata kijito kilikuwa kama kimeshikwa mdomo. Palikuwa na harufu ya udongo mbichi, kali, kama kaburi lililochimbwa hivi punde. Vijana walikuwa konani wote, chini ya ukuta wa udongo. Mimi nilisimama kando na filimbi shingoni.

Nikaona kaniki inashuka kutoka msituni. Nikatoka njiani, nikageuka, nikashusha macho. Miguu ikaja. Haikupita. Ikasimama mbele yangu, nami nikageuka zaidi, nayo ikazunguka. Kisha mkono wa mama mkwe wangu ukanishika kidevu, ukanigeuza uso.

Sijui kama mtu wa mbali ataelewa. Vijana walioona waliachia zana zao. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Felista, yaleyale, na matope mpaka kwenye nyusi.

"Lukasi, nitazame," akasema. "Vigingi nilivihamisha mimi. Yule Mzungu alivipigilia juu ya mjukuu wangu, nikasema gari halitampita kifuani. Siku ile ulinikuta navyo. Ningekuambia, lakini nakuambiaje? Nikavipanga huku chini, nikadhani nimemwokoa. Sasa ufa umefunguka, naweza kuingia mzima. Wanashuka wote. Ondoa watoto wa watu."

Nikapuliza filimbi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota, nikapaza sauti waende kijitoni, nao wakakimbia, na nadhani walikuwa wameshaanza kukimbia kwa sababu ya ule mkono kidevuni kwangu kuliko kwa filimbi. Nilimshika mama mkwe mkono. Ndiyo, nilimshika, tukashuka pamoja tukiteleza kwa makalio kama watoto. Kijitoni nilimkuta Rehani maji kiunoni. Alikuwa amekuja kumletea Anastasia kuni, akasikia filimbi. Alimbeba Mama Theresia mgongoni bila kuuliza.

Tukageuka kutazama. Nilitegemea kishindo. Hapakuwa na kishindo. Palisikika sauti kama gunia la mahindi linalomwagwa taratibu, likawa linamwagwa tu, haliishi. Na msitu wa makaburi ukaanza kuja. Miti ilikuwa wima! Mikuyu na mitambaazi yake, imesimama kama ilivyosimama siku zote, inatoka kwenye ukungu mmoja mmoja na kusogea mbele, haina haraka, majani yanatikisika kidogo juu. Ilifika kwenye barabara yangu ikaivuka. Kona, ukuta, zana, kazi yote ya masika iliingia chini yake kimyakimya. Ikaendelea mpaka ua wa nyumba yetu. Hapo ikasimama.

Halafu, ndani ya miti ile, mchana kweupe, pimbi akalia. Mmoja tu. Nywele zilinisimama, na hata sasa nikiandika zinasimama.

Watu wote wapo. Tumehesabiana mara nyingi.

Mei 6

Nimekwenda na Rehani na Mjomba Severini. Juu, ulipokuwa msitu, umebaki mwamba mtupu, mweusi, umeoshwa safi. Chini, msitu umesimama juu ya barabara kama umeota hapo tangu enzi. Nyumba ni nzima. Mwembe mdogo wa uani haukuguswa.

Tulizunguka kwenda mbele ya mlango. Pale, hatua chache kutoka kizingitini, pana kipande cha ardhi kilichoshuka na nyasi zake, hakijapasuka. Juu yake mawe yale madogo, yamezunguka kama nilivyoyapanga mwenyewe mwaka juzi. Katikati kikombe cha bati la buluu.

Kaburi nililiacha na kikombe kimefunikwa. Sasa kilikuwa kimesimama, kina maji ya mvua hadi ukingoni, halikumwagika hata tone.

Nilikaa chini. Mjomba Severini alivua kofia. Rehani alisimama na jembe lake lile la utani, na alikuwa analia waziwazi, machozi mpaka kidevuni. Nikamwambia, "Nilikufukuza kwa vigingi ambavyo hukugusa. Nisamehe."

Akajipangusa pua. "Nilikuja kukuzika wewe, nikakuta umeponyoka. Safari yote imekuwa hasara. Utanilipa kuku." Hakuweza kucheka mwisho wake.

Mei 8

Felista amejifungua mchana, kwa Anastasia, mkunga akiwa Mama Theresia. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti kubwa kuliko filimbi. Lori halikuhitajika. Mama mkwe alinipa habari kupitia ukutani, kwa kinywa cha Anastasia, ameshageuza uso tena kama zamani. Nami niligeuza wangu. Lakini nilisema kwa sauti ili asikie, "Mwambieni mama asante," na upande wa pili mtu akakohoa.

Mei 20

Felista ameliona kaburi. Wazee walisema watani wamhamishe mtoto, wampandishe tena. Rehani alisimama tayari. Felista akaketi karibu na mawe, kichanga mgongoni, akakaa mpaka kivuli kikahama. Kisha akasema, "Tulimpandisha mara moja akiwa tayari ameshakufa, na mlima wote ulimwona. Mwacheni. Amekuja mwenyewe."

Rehani akarudisha jembe begani. Alichukua kuku wake akaenda.

Nimekuwa nikifikiri humu ndani mwangu bila kumwambia mtu. Niliijenga barabara ili mtoto wangu ashuke. Ameshuka.

Juni 11

Mvua zimekwisha, baridi imeanza. Bwana Mpima amefika, anakohoa. Alisimama muda mrefu akitazama mwamba, akaupima, akafurahi. Anasema sasa njia inaweza kupita juu palepale alipotaka tangu mwanzo: mwamba mtupu, hakuna mti, hakuna kaburi la kuzozana. Kiangazi hiki tunaanza upya. Ahmadi bado anauliza kiwanja chake. Mpima ameniachia filimbi mezani. Nimemwambia nitafikiri, na kweli ninafikiri, kwa sababu mtoto huyu naye atapata homa siku moja.

Mama Theresia leo amepanda juu peke yake, na jioni alirudi mikono mitupu. Niliigeukia migomba alipopita, lakini nilitazama mikono.

Juni 14

Tumerudi nyumbani rasmi. Nilichukua tezo kuuchonga mlango, nikaona haina haja. Ardhi imetulia, na mlango unafunga kwa kidole kimoja, sawasawa, juu na chini, kama ulivyofunga siku nilipoujenga.

Felista amenyonyesha, amelala na mtoto. Mlango ameuacha wazi. Nilinyanyuka kuufunga kwa ajili ya baridi, naye akasema bila kufumbua macho, "Uache, Lukasi. Hajaingia bado."